Machakos Imesogezwa Lini?



Mara nyingi tumeletewa maswali juu ya mali ya mayatima: nani aishike, aihesabu vipi, na akikosea afanye nini. Tumekuwa tukijibu kwa ufupi na kuahidi kwamba siku moja tutaandika kwa urefu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tukikwepa. Tuna habari yetu wenyewe katika mlango huo, nayo haitupendezi kuisimulia. Lakini aliyedhulumiwa ndani yake ametutaka tuisimulie, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, basi hatuna tena pa kujificha. Kina mama watuwie radhi: itabidi tuanzie kwenye magurudumu ya gari.

Wengi wenu mwaijua Gikomba. Ni soko la mitumba lililo mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, kando ya mto, kati ya Pumwani na Kamukunji ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati mchana kutwa. Marobota ya nguo hushushwa kwetu Kilindini, yakapita mbele ya milango yetu, yakapanda bara, na mengi huenda kufunguliwa Gikomba. Kisha wafanyabiashara wa Mombasa na Malindi hupanda basi la usiku kuyafuata huko huko. Ajabu hii hatujapata wa kutueleza. Sisi tumekaa Pumwani miaka mingi tukisomesha, si mbali na Msikiti wa Riyadha, ambao jina lake huwaliwaza watu wa Lamu waliotupwa na riziki huku bara.

Mume wa dada yetu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa na kibanda Gikomba na pikapu aina ya Datsun ya mwaka 1983. Wenye umri wetu hawahitaji kuelezwa sifa ya Datsun. Gari za jina hilo zilishinda Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973, na Shekhar Mehta akaja kushinda nazo mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Sisi wakati huo tulikuwa watoto wa chuo, na Maalim wetu alikuwa akitucharaza kwa kuchora Datsun pembezoni mwa ubao wa kuandikia aya. Pikapu ya shemeji haikuwa na udugu na zile za mbio isipokuwa kwa jina, na hata hilo jina, mwaka ule ilipoundwa, kampuni ya Nissan ilikuwa imekwisha anza kuliondoa katika gari zake. Lakini ilikuwa ngumu, ilikuwa na gia nne, na ilikuwa ikila kilo nyingi za marobota bila kulalamika.

Shemeji alipofariki aliacha mke na watoto wanne, mkubwa wao akiwa na miaka kumi na mitatu. Jamaa walikaa wakatufanya sisi wasii. Ikaonekana kwamba pikapu isiuzwe. Iendelee kufanya kazi, na kipato chake kilipe karo. Kazi yenyewe ilikuwa moja: mara tatu kwa juma kupeleka marobota Machakos, kwa wauzaji wa rejareja wa huko, na kurudi. Dada yetu alisimamia biashara kibandani. Dereva akawa kijana wa Majengo ambaye tulimsomesha wenyewe alifu na bee, mwana wa jirani yetu auzaye vitumbua alfajiri. Sisi tulishika daftari.

Daftari hilo twalieleza kwa sababu ndilo lililotuponza. Dereva alikuwa akiandika kilomita zilizo kwenye mita ya gari anapotoka na anaporudi, safari kwa safari, pamoja na lita za petroli alizotia. Siku ya Ijumaa, baada ya Swala, sisi tulijumlisha kilomita zote za juma, tukajumlisha lita zote, tukagawanya. Kwa mwaka na zaidi jawabu lilikuwa lile lile: kilomita 390 kwa lita 43 na nusu, yaani karibu kilomita 9 kwa kila lita. Tulikuwa tukijivunia daftari lile. Tuliwahi hata kulionyesha darasani kama mfano wa uaminifu katika hesabu.

Zikaja mvua za masika. Atakayeiona Gikomba wakati wa masika hataisahau. Njia za ndani hugeuka uji, na pikapu ikakwama mara mbili ikiwa na mzigo, ikasukumwa na hamali kwa malipo. Matairi nayo yalikuwa yamekwisha. Tukaenda kwa muuzaji mmoja wa vipuri kutafuta matairi mengine, naye akatuonyesha magurudumu manne kamili yaliyotolewa kwenye gari jingine la Kijapani, kubwa zaidi. Rimu zetu zilikuwa za inchi 14. Zake za inchi 15, na tairi zake nene na refu zaidi. Nati sita kwetu, nati sita kwake. Zikaingia sawasawa kama pete na kidole.

Muuzaji akatueleza hoja. Akasema, "Sheikh, gurudumu kubwa likizunguka mara moja huenda mbali kuliko dogo. Basi injini itazunguka mara chache kufika pale pale. Injini isipozunguka sana, petroli haiendi." Tuliipenda hoja ile kwa kuwa ilikuwa na mpangilio wa hoja za vitabuni: mlango wa kwanza, mlango wa pili, natija. Tukalipa kwa fedha za mayatima. Hatukumuuliza fundi. Dereva alipokata kona ya kwanza tairi la mbele likakwaruza bati la ubavuni, akatutazama; tukamwambia akate kona polepole.

Juma la kwanza lililokamilika baada ya hapo, tulikaa na daftari siku ya Ijumaa tukitarajia kuona faida. Kilomita 366. Lita 46. Tukagawanya mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kalamu nyingine. Hazikufika hata kilomita 8 kwa lita. Kwa desturi ya gari lile, kilomita 366 zilitaka lita 41 hivi. Lita tano hazina maelezo. Juma la pili likawa vile vile, na la tatu.

Siku moja tulifungua mlango wa pikapu kutafuta kitambaa cha kufutia kioo, na nyuma ya kiti tukaona dumu. Lilikuwa dumu la lita tano.

Wasomaji, moyo ni kitu cha hatari kikikutana na hesabu. Dumu lile lilikuwa la maji ya rejeta. Gari lenye umri ule halisafiri bila maji, na hata kabla ya hapo lilikuwepo, ila hatukuwa na haja ya kuliona. Hatukulifungua wala hatukulinusa. Tulifunga mlango tukaondoka tukiwa tumekwisha mhukumu kijana. Aliporudi siku ile kutoka Machakos akatuambia, "Maalim, gari limekuwa zito kupanda. Pale pa gia ya nne sasa nalazimika kurudi ya tatu." Tukajibu, "Insha'Allah tutatazama." Ndani ya nafsi tukasema: huyu sasa anaanza kutengeneza udhuru.

Hatukumshtaki mbele ya uso wake. Wakati ule tuliona huo ni upole. Sasa twaona kwamba kumshtaki kungekuwa afadhali kwake, maana angepata nafasi ya kujibu. Tulinunua kifuniko cha tangi chenye ufunguo, ufunguo ukakaa kwa dada yetu, na petroli ikatiwa mbele ya macho yake. Kijana akaelewa. Akawa haketi tena kunywa chai kibandani akirudi. Na lita zikaendelea kupotea, jambo ambalo lingetosha kumzindua mwenye akili, lakini sisi tulisema bila shaka amechonga ufunguo wa pili Kamukunji.

Kisha likaja lililo kubwa. Kijana alikuwa amepeleka posa kwa watu wa mtaa wa pili. Baba wa msichana, kama ilivyo desturi na kama ilivyo haki yake, alikuja kutuuliza sisi tuliomsomesha: dini yake vipi, tabia yake vipi, amana yake vipi. Juu ya dini tulimsifu. Juu ya tabia tukamsifu. Alipofika kwenye amana tulinyamaza kidogo, kisha tukasema, "Mambo ya fedha, tazameni kwanza, msiharakishe." Hatukusema zaidi ya hapo. Baba wa msichana alikuwa mtu mzima. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Posa ikasimama.

Sura ya Al-Hujurat tumeisomesha mara zisizohesabika. Tumeieleza dhana na tumeieleza ghaiba kwa mifano mizuri. Hatukuikumbuka siku ile.

Aliyetuzindua ni dada yetu. Ilikuwa baada ya Isha, watoto wamelala, naye aliomba alione daftari kwa kuwa karo ya muhula ilikuwa karibu. Sisi husoma chini ya ukurasa, kwenye jumla. Yeye ni mfanyabiashara wa marobota. Akipewa karatasi huanza juu, mstari kwa mstari, kama anavyofungua robota na kuhesabu kipande kwa kipande. Akakaa nalo kitambo. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, Machakos imesogezwa lini?"

Hatukumfahamu. Akaweka kidole. Mwaka mzima, kwenda na kurudi Machakos kulikuwa kilomita 130. Wakati mwingine 131, wakati mwingine 129 na kitu. Tangu masika, kila safari ilikuwa 122. Kilomita nane zimepungua, siku zote nane, si saba wala kumi. "Mwizi wa petroli twaweza kuwa naye," akasema, "lakini hapa kuna mwizi wa barabara." Kijana alikuwa ameziandika namba zile kwa mkono wake, wazi, mara tatu kwa juma, na sisi tulikuwa tukizifunika kwa jumla yetu.

Asubuhi tulitoka uani, dada yetu na sisi, na chaki ya darasani. Dada yetu alileta futi yake ya kupimia nguo. Tulichora alama kwenye tairi la nyuma mahali linapogusa ardhi, na alama nyingine sakafuni. Wanetu wakasukuma pikapu mpaka alama ya tairi ikarudi chini, tukachora tena. Sentimita 211. Magurudumu ya zamani yalikuwa bado stoo. Tukatia jeki, tukafunga la inchi 14 nyuma, tukapima vile vile. Sentimita 198.

Hapo kila kitu kilifunguka, na twaomba msomaji atufuate polepole, kwa sababu jambo hili lipo katika gari nyingi za waume zenu na wana wenu.

Mita ya kilomita haiioni barabara. Katika pikapu kama ile, waya wake unatoka kwenye gia boksi, na kazi yake ni kuhesabu mizunguko tu. Aliyeitengeneza alichukulia kwamba gurudumu ni la ukubwa fulani, akapanga mizunguko kadhaa iwe kilomita moja. Ukiweka gurudumu linalokwenda sentimita 13 zaidi kwa kila mzunguko, gari litafika Machakos kwa mizunguko michache, na mita itakuambia kwamba umekwenda pafupi. Mia moja ya mita ilikuwa 106 na nusu ya barabara. Kilomita 366 zetu za juma zilikuwa 390 zile zile za siku zote.

Gawanya sasa 390 kwa lita 46. Ni karibu kilomita 8 na nusu. Kwa hiyo katika lita tano tulizomhesabia kijana, nusu hazikupotea kabisa, hazikuwahi kuwapo. Zilizaliwa ndani ya daftari letu.

Nusu ya pili ilipotea kweli, na aliyezipoteza ni sisi tulionunua magurudumu. Hili lilitaka maelezo ya fundi, mzee mmoja wa Kikamba mwenye gereji nyuma ya soko, ambaye tulipaswa kumwendea tangu mwanzo. Alitueleza kwa gari, lakini dada yetu alilielewa upesi kuliko sisi kwa kuwa alilipeleka kwenye cherehani, na mfano wake ni mzuri kuliko wa fundi, basi twauandika huo. Cherehani ya miguu ina gurudumu kubwa chini na dogo juu, zikiunganishwa na mkanda. Ukibadilisha lile la chini ukaweka kubwa zaidi, kila ukikanyaga mara moja sindano itapiga mara nyingi zaidi. Yaonekana ni faida. Lakini mguu wako utahisi uzito, hasa ukishona kitambaa kizito kama jinzi. Kwa shifoni hutaona shida. Kwa jinzi utaona. Gurudumu kubwa la gari ni hivyo hivyo. Kila mzunguko wa injini unakwenda mbali zaidi, na kila mzunguko unataka nguvu zaidi.

Tusimdhulumu muuzaji naye. Hoja yake ina mahali pake. Gari likiwa tupu au na mzigo mdogo, kwenye njia ndefu iliyonyooka kama ile ya kutoka Mtito Andei kwenda Voi, likienda mwendo mmoja bila kusimama, injini huzunguka polepole zaidi na huenda likaokoa petroli kidogo. Pikapu yetu haikuwa ikifanya kazi hiyo. Ilikuwa ikitoka Gikomba na marobota, ikisimama na kuondoka, kusimama na kuondoka katika msongamano wa Jogoo Road, kisha milima ya upande wa Machakos. Na kila ilipoondoka kutoka kusimama, injini ilikuwa ikiinua mzigo kwa mkono mrefu. Mlimani gia ya nne ikashindwa, dereva akarudi ya tatu, na kwenye gia ya tatu injini ilizunguka mara nyingi kuliko ilivyokuwa ikizunguka zamani kwenye ya nne. Ile mizunguko iliyookolewa tambarare ikaliwa mlimani pamoja na riba yake. Kijana alikuwa ametuambia hayo hayo kwa maneno machache, nasi tukayaita udhuru.

Kulikuwa na uzito pia. Tuliyaweka magurudumu kwenye mizani ya marobota. La zamani pamoja na tairi lake lilikuwa kilo 17. Jipya kilo 22. Kwa manne ni kilo 20 zaidi, na fundi akasema kilo ya gurudumu si sawa na kilo ya mzigo, kwa kuwa mzigo waubeba tu, lakini gurudumu walibeba na kulizungusha, na kila ukifunga breki waitupa kazi yote uliyokwisha fanya. Tena tairi lilikuwa pana zaidi, na tairi pana la aina ile hushikana na lami zaidi. Na kulikuwa na jambo moja la mwisho lililotutia hofu kuliko petroli: saa ya mwendo nayo inahesabu mizunguko ile ile. Ilipoonyesha 80, gari lilikuwa likienda 85. Miezi miwili kijana alikuwa akienda kasi kuliko alivyojua, akiwa na mzigo, njia ya Mombasa, kwa agizo letu. Kasi hula petroli kwa upepo. Lakini tulipofika hapo hatukuwa tukifikiri petroli tena.

Kwa kina mama ambao wana wao wanavalisha Probox rimu kubwa zinazong'aa, tuongeze neno. Si kila rimu kubwa hudanganya mita. Kinachohesabika ni kimo cha tairi lote kutoka ardhini. Rimu ikiongezwa na ukuta wa tairi ukapunguzwa hata kimo cha tairi lote kikabaki vile vile, mita haitakosea, ingawa huenda uzito ukaongezeka, na mashimo yote ya barabarani utayahisi mgongoni. Chaki na futi vyatosha kujua, wala havihitaji fundi. Na anayetaka kujua gari lake linakula kiasi gani, ajaze tangi mpaka pomoni mahali palipo sawa, aende njia anayoijua urefu wake, arudi ajaze tena pale pale mpaka pomoni. Lita alizotia mara ya pili ndizo zilizoliwa. Asipime kwa mshale wa dashibodi, maana ule hukisia tu. Dada yetu alipima hivyo kwa majuma matatu baada ya kurudisha rimu za inchi 14, na matairi mapya ya kimo cha zamani. Kilomita 390, lita 44. Kilomita 391, lita 43. Kilomita 390, lita 43 na nusu.

Magurudumu makubwa tuliyauza kwa hasara. Hasara hiyo na thamani ya petroli iliyozidi kwa miezi miwili tuliitoa mfukoni mwetu tukaiingiza katika fedha za mayatima, na dada yetu akaandika katika daftari kwamba imepokewa, akatia tarehe, akatutaka tutie saini. Yeye ndiye ashikaye daftari tangu siku hiyo.

Yalibaki yasiyolipika kwa fedha.

Tulikwenda kwa kijana nyumbani kwao, baada ya Alasiri, mama yake akiwapo. Tulimweleza yote: daftari, dumu, kifuniko cha tangi, na tuliyomwambia baba wa msichana. Hilo la mwisho hakuwa akilijua. Alikuwa akidhani wamemkataa kwa ajili ya kazi yake. Alinyamaza muda mrefu, na mama yake akaondoka akaingia jikoni, tukasikia vyombo vikisogezwa bila sababu. Tukamwomba atusamehe. Akasema, "Maalim, mimi nimekusamehe. Lakini maneno uliyasema kule, si hapa." Kisha baada ya kitambo akaongeza, "Na wengine wameyasikia."

Tulikwenda kule, jioni ile ile. Baba wa msichana alitukaribisha kahawa. Tulimweleza habari ya sentimita 198 na 211, na tukaona kwamba neno la shaka tulilimaliza kwa pumzi moja lakini kulitengua kunataka chaki, futi, mizani na saa nzima ya maelezo, na hata hivyo msikilizaji anaweza kudhani kwamba sheikh amemhurumia mwanafunzi wake. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema amefahamu, na kwamba atazungumza na mkewe na binti. Hiyo ni miezi mitatu sasa. Hawajasema ndiyo, hawajasema hapana. Juzi mama wa msichana alinunua vitumbua kwa mama wa kijana, wakazungumza juu ya bei ya unga, na katika mtaa wetu jambo hilo limejadiliwa sana.

Na kwa kuwa wengine wameyasikia, na baadhi yao ni wasomaji wa gazeti hili walio na jamaa Pumwani, ndiyo maana ameridhia tuandike. Hakuwa mwizi. Hakuchukua hata tone.

Bado anaendesha pikapu. Dumu la maji liko pale pale nyuma ya kiti, na kifuniko chenye ufunguo tumekitoa. Lakini kila mwezi ukiandama, kabla ya safari ya kwanza, yeye hutoa chaki mfukoni mwake, bila ya kuambiwa, akachora alama kwenye tairi la nyuma, akamwita mtoto mkubwa wa marehemu amsaidie kusukuma, akapima. Kisha husoma namba kwa sauti ya kusikika mpaka barazani tuliko sisi: "Mia moja tisini na nane, Maalim." Tumemwambia mara mbili kwamba haina haja tena. Akatujibu kwa adabu kwamba ni vizuri iandikwe, na dada yetu huiandika.